Maji Chini ya Jabali

Maabara ya Maji, Chuo cha Ufundi
Mwezi wa Hidar, tarehe 8, 1989

Dada yangu Zenebech,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mwili ni mzima, ila nawakumbuka mpaka chakula hakipiti. Mbusu Mama magoti kwa niaba yangu. Shemeji Belete mwambie vitunguu vyake vilifika, nusu vimeoza na nusu vimeibiwa njiani, lakini nimeshukuru sana. Vilivyobaki nimevipikia mchuzi wa shiro na nimekula kama mfalme.

Kuhusu mimi, dada, nanuka. Sikutanii. Dereva wa lori la ngozi ananiletea mitungi ya maji machafu kutoka kile kiwanda cha ngozi kilicho juu ya kijiji chetu, nami nashinda nayo maabara. Ni maji meusi, mazito, yana nywele, mafuta na vipande vya nyama iliyokwanguliwa. Ukifungua mtungi unakutana na uvundo wa mayai viza, unaingia kwenye nywele zako na haukubali kutoka hata kwa sabuni ya kufulia. Bwaloni wenzangu wananihama mezani. Jana mmoja wa idara ya umeme aliniambia, "Yitbarek, wewe siku ukifa hatutajua, maana utanuka vilevile." Bwalo zima likacheka. Mimi nikaendelea kumega injera yangu.

Lakini kazi inakwenda. Unayakumbuka yale matangi tuliyojenga pale kiwandani wakati wa mvua, Profesa Wubishet akisimama kwa mbali na viatu vyake vyeupe? Maji ya ngozi yanaingia humo, yanapulizwa hewa, yanatulia, kisha yanapita kwenye mkaa. Rangi na harufu ndivyo vilivyotushinda. Sasa Profesa ameamua tutie klorini, ule unga wa kung'arishia nguo, tena kwa wingi. Dada, yanatoka yameng'aa! Unasoma gazeti kupitia chupa. Mwenye kiwanda hakutaka bomba lionekane na watu, kwa hiyo tumelizika. Maji yanaishia kwenye shimo la kokoto mgongoni mwa kilima na kuzama ardhini. Hayafiki tena mtoni kwenu.

Imebaki kupima kromu, yaani ile dawa ya madini wanayolainishia ngozi. Profesa anasema hiyo tutapima baadaye, kwanza wafadhili waone maji meupe. Juzi alinishika bega mbele ya wageni, akainua chupa, akasema, "Haya ndiyo maji yangu." Yake! Mtu ambaye hajawahi kushika mtungi hata mmoja, na akipita mlangoni kwangu anaziba pua kwa leso. Nilishikwa na kinyaa, na nikatabasamu, maana ndivyo tunavyoishi hapa.

Baada ya Pasaka natetea tasnifu yangu. Nikipita nitapewa kazi na nyumba ya chuo, na kitu cha kwanza nitakachofanya ni kumleta Mama hospitali kubwa ya huku wautazame ule mguu. Niandikie unaendeleaje. Usinifiche.

Mdogo wako,
Yitbarek


Nyumbani
Hidar 29

Yitbarek mdogo wangu,

Barua yako imefika ina madoa ya chai. Sijui dereva aliisoma huku anakunywa. Sisi wazima, kasoro yetu ni pengo lako tu mezani. Mama amekubariki mara nyingi, nimechoka kuzihesabu. Nilipomsomea niliruka pale pa kunuka, akashangaa mbona barua ya msomi ni fupi hivi.

Na wewe, hakuna kazi nyingine duniani isipokuwa kuchezea mavi ya ng'ombe waliokufa? Mtoto wa Gashe Dilnesaw naye kasoma, yuko benki, anavaa tai.

Haya, nisikukatishe tamaa. Kweli mto umepona. Belete anamwagilia vitunguu bila kujifunga kitambaa puani. Hata mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe hajaona jema kwa ukoo wetu, amesema, "Huyo kaka yenu ana faida." Nilimwomba arudie, akakataa.

Umesema nisifiche, basi. Mguu umevimba mpaka gotini na kidonda hakifungi. Zahanati wamempa vidonge vyeupe, vilevile wanavyompa mwenye kikohozi na mwenye mimba. Nilivitazama nikatamani kumtupia usoni yule aliyempa.

Lakini Mungu ametukumbuka. Chini ya jabali la kanisa la Mikaeli pametoka maji! Unapajua pale, hata mbuzi hapati tone, na sasa ni kiangazi. Yanachuruzika kutoka kwenye ufa wa mwamba, usiku na mchana. Ni tsebel, Yitbarek, maji ya baraka. Watu wanakuja kutoka ng'ambo ya bonde, wengine wamebebwa kwenye machela. Kasisi wetu, Abba Tekeste, ameweka mabati ya kuwasitiri wanawake wanaooga. Mama namshika mkono kila alfajiri, anaosha mguu na kunywa kabla ya kutia kitu tumboni, kama inavyopasa. Ameanza kusema atacheza ngoma siku utakayopata udaktari wako.

Ukija njoo na chupa nzuri uchukue ya kwako.

Zenebech


Maabara
Tahsas 26

Dada Zenebech,

Salamu kwa wote. Heri ya Krismasi inayokuja. Barua yako nilikuwa nayo muda, nimechelewa kwa sababu ya kazi.

Nina maswali tu. Hayo maji yana rangi gani? Yana harufu gani? Na huo ufa uko upande wa mto au upande wa kiwanda? Nijibu haraka, mpe dereva yuleyule.

Mama apumzike kwanza kwenda huko mpaka unijibu.

Yitbarek


Nyumbani
Tir 15

Yitbarek,

Ndiyo barua gani hiyo? Polisi wakimhoji mwizi humsalimia vizuri zaidi. Hukuuliza hata kama tutachinja kitu Krismasi. Tulichinja jogoo, alikuwa mgumu, Belete akalaumu upishi wangu, nikamwambia amuulize jogoo mwenyewe umri wake.

Maji, unataka kujua rangi. Yana udhahabu kidogo, kama maji uliyosuuzia chombo cha asali. Watu wanasema ni rangi ya bawa la malaika. Na hayanuki, yananukia! Yananukia kama shuka lililotoka kufuliwa. Mwamba gani unatoa maji yanayonukia shuka safi kama si mwamba wenye baraka? Ufa uko upande wa kiwanda, nyuma ya kilima. Hiyo inahusu nini?

Siku ya Timkat, sikukuu ya ubatizo, palikuwa hapashikiki. Watu walilala juu ya mawe ili wawahi. Wengi wanatapika palepale, tena matapishi ya kutisha, nami nikasema hivi ndivyo ugonjwa unavyomtoka mtu. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo tulikupeleka tsebel ya Mariam, ukatapika mpaka Baba akalia, ukapona. Kwa hiyo nikiona mtu anatapika nampa hongera.

Mama hajambo. Mguu unakauka. Usiulize sana.

Kwamba apumzike kwenda, nilimwambia umesema hivyo. Akasema, "Mwanangu ananionea huruma na baridi ya asubuhi." Akavaa shuka lake, akatoka.

Zenebech


Maabara
Yekatit 9

Dada yangu mpenzi,

Nakuomba radhi kwa barua ile. Nilikuwa na haraka. Natumaini wote mu wazima na kwamba shemeji amemsamehe jogoo.

Tafadhali nisikilize. Mama asinywe yale maji. Watu wengi wanaoga na kutapika mahali pamoja, homa ya matumbo inaenea hivyohivyo. Nimesoma mambo haya, najua. Mwoshee mguu kwa maji ya kuchemsha yenye chumvi, umfunge kitambaa safi. Wewe pia usinywe. Nichotee chupa moja, uifunge vizuri na kuipa dereva, niipime hapa.

Siwezi kueleza zaidi kwa sasa. Mambo ya chuo hayaandikiki kwenye barua inayopita mikono ya watu. Naandika sura ya mwisho, Profesa anataka kuisoma kabla ya Mfungo Mkuu. Anasema chuo hakijawahi kupata mradi uliofana hivi. Akiongea hivyo nakodolea macho viatu vyake tu, siwezi kumtazama usoni, dada. Basi, hilo si la kukusumbua.

Niandikie kwamba Mama ameacha. Neno moja tu linatosha.

Yitbarek


Nyumbani
Megabit 2

Yitbarek,

Mama anakubariki. Hiyo ndiyo salamu, maana yangu mimi sina.

Nichote tsebel, niitie kwenye chupa ya soda, nimpe dereva wa ngozi aiweke chini ya kiti chake pamoja na spana na ugoro, ili wewe uipime! Ulipoondoka hapa ulikuwa unabusu ukuta wa kanisa ndipo unapanda basi. Sasa umejua homa ya matumbo. Unatuona wachafu, sema tu. Unakaa kutwa na nywele za ng'ombe na uvundo, halafu sisi ndio tunaoeneza magonjwa. Nilipoisoma barua yako nilitema mate, na niliyatema kwa ajili yako.

Chupa hutapata. Hata hivyo watu wenu wameshachota.

Ndiyo, hujui? Wiki ya kwanza ya mfungo lilikuja gari la chuo, jeupe, na Profesa wako ndani, na kijana mwenye kamera, na Wazungu wawili waliokuwa wanafukuza nzi tu. Nilidhani wamekuja kutuletea habari zako. Walishuka moja kwa moja mpaka kwenye ufa. Profesa akauliza tangu lini maji yanatoka, watu wangapi wanakunywa, kuna aliyekufa? Nikamwambia Mungu apishe mbali. Akafurahi. Mama akajitambulisha kwamba ni mama yako. Basi Profesa akamshika mikono miwili, akamwambia, "Mwanao ni mtu mkubwa," akamwomba anywe mbele ya kamera. Mama alijipanga vizuri, akafunika kichwa, akanywa kikombe kizima huku akitabasamu kwenye ile mashine. Akampa na yeye kikombe, maana mgeni hanyimwi. Unajua alisema nini? Kwamba tumbo linamsumbua siku hizo. Wale Wazungu nao walikuwa na chupa zao garini.

Nimekaa nalifikiria hilo. Mtu asafiri siku mbili kuja kupiga picha maji, halafu asionje hata tone? Aliyashika kama mtu aliyepewa mkojo.

Yitbarek, mimi si mjinga. Nilikuuliza ufa kuwa upande wa kiwanda kunahusu nini, hukunijibu. Sasa nakuuliza mara ya pili.

Zenebech


Maabara
Megabit 25

Dada Zenebech,

Sina salamu ya kuandika inayofaa, kwa hiyo nakuacha bila salamu.

Maji hayo ni yangu. Hakuna chemchemi pale. Bomba letu linaishia kwenye shimo la kokoto upande wa pili wa kilima, maji yanazama, yanatafuta njia kwenye mwamba, yanatokea chini ya jabali la Mikaeli. Unachokunywa kimetoka kwenye ngozi. Nilianza kushuku nilipoisoma barua yako ya Hidar, na uliponiandikia rangi ya asali na harufu ya shuka nikajua kabisa. Harufu ile ni ya klorini. Rangi ile ni ya kromu.

Nikueleze ili uwaeleze wengine. Kromu inapotoka kwenye ngozi ni mbaya, lakini ni nzito, inatuama na kubaki kwenye matope. Klorini tuliyotia ili kuua rangi na harufu imeigeuza ikawa nyingine, ya manjano, inayoyeyuka na kupita kwenye kokoto na mwamba bila kuzuiwa na kitu. Hii inachoma ngozi na kuitoboa. Ikinywewa inakwenda kwenye ini na figo. Hakuna anayetapika ugonjwa pale, dada, wanatapika sumu. Tuliyafanya maji yapendeze, na kwa kuyafanya yapendeze tukayafanya kuwa mabaya kuliko yale meusi. Yale meusi mtu angeyaona akaziba pua na kupita.

Profesa alirudi na chupa moja, akaiacha mezani kwangu, akasema, "Hii weka, usifungue." Niliifungua, nikapima, nikarudia kupima. Sikuandikii namba, hazitakusaidia. Nilimpelekea. Alikuwa anakula chungwa. Aliitazama karatasi, akaendelea kumenya, akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikasema bado. Akasema, "Basi subiri utetee kwanza. Wewe ndiye uliyechora lile bomba, kijana, jina lako liko kwenye mchoro. Unataka wafadhili wasome nini, kwamba unawanywesha wanakijiji wako?" Kisha akanipa kipande cha chungwa. Nilikipokea, nikakila.

Sijamaliza. Jumanne aliwasilisha mradi ukumbini mbele ya mkuu wa chuo. Picha ya mwisho aliyoonyesha ukutani ilikuwa ya Mama. Mama yetu, mkubwa kama nyumba, na kikombe mdomoni, na chini yake maneno: mkazi wa eneo akifurahia maji yaliyosafishwa. Hakumtaja kwa jina. Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga, Zenebech. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na watu wananitazama, nikapiga makofi mpaka mwisho. Halafu nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya mkuu wa chuo, na mtunza bustani akanitukana, na ndiye mtu pekee siku ile aliyeniambia neno la haki.

Ukiisoma hii usingoje. Mpeleke Abba Tekeste afunge mahali hapo leo hii. Mama asiguse tena, wala kwa kunywa wala kwa kuosha. Mpe maziwa, najua ni mfungo, mpe tu, Abba atamruhusu mgonjwa.

Nitakuja mara tu baada ya kutetea. Ni siku chache tu baada ya Pasaka. Nikiondoka sasa Profesa atanifuta, na nikifutwa sitakuwa na nyumba wala hospitali ya kumpeleka Mama. Nielewe.

Yitbarek


Nyumbani
Miyazya 8

Yitbarek,

Barua yako niliisoma nyuma ya zizi, nikairudia. Kisha nikaenda kunawa mikono.

Umenificha tangu Hidar. Na mimi nimekuficha, basi tuwe sawa kwa hilo. Mama hakuwa mzima nilipokuandikia. Anatapika tangu wiki ya Timkat. Mguu ulikauka juu, chini yake ukachimbika matundu, ya duara, kama mtu ametoboa kwa msumari. Kidole changu cha mwisho kinaingia. Mikono yangu mimi ninayemwosha imeanza hivyohivyo kati ya vidole. Alinikataza nisikwambie. "Ana mtihani," alisema kila nilipochukua kalamu, "usimsumbue mwanangu." Tulikuwa tunakuhurumia! Wewe huko unakula machungwa.

Nilimpelekea Abba Tekeste barua. Aliisoma amesimama, akakaa chini, akajifunika uso kwa shuka. Akasema yeye hakuwahi kuyabariki yale maji, watu walianza wenyewe, naye akanyamaza kwa sababu sadaka iliingia na paa la kanisa lilikuwa linavuja. Sijui nani ananichefua zaidi, yeye au Profesa wako. Lakini huyu angalau aliondoka palepale na fimbo yake. Akasimama mbele ya ufa, akawaambia watu ukweli wote: bomba, ngozi, sumu. Wengine walilia. Wengine walimwambia amehongwa na kiwanda ili watu maskini wasipone. Mmoja alimrushia jiwe, likampata begani. Wanaume wa kanisa wakaanza kuziba ufa kwa udongo na mawe.

Mama alikuwepo. Nilikuwa nimemwacha nyumbani nikidhani hawezi kutembea, kumbe amejikokota na mkongojo mpaka pale. Akauliza kwa sauti, kila mtu akasikia, "Haya maji kayatengeneza Yitbarek wangu?"

Abba akasema, "Ndiyo, mama, ndiyo maana nasema..."

Hakungoja amalize. Yitbarek, aliangaza uso. Sijamwona na uso ule tangu Baba alipokuwa hai. Akawageukia watu akawaambia, "Mnaogopa nini? Ni ya mwanangu! Mimi nimemnyonyesha, yeye anitilie sumu?" Akawasukuma wale wanaume kwa mkongojo, akachota, akanywa mbele yao wote. Na watu walipoona mama mzazi wa fundi anakunywa, wakabomoa ule udongo. Jioni walikuwa wengi kuliko siku ya Timkat. Sasa hawasemi tena tsebel ya Mikaeli. Wanasema twende maji ya Yitbarek.

Nimemficha kikombe, akachotea kwa kiganja. Nimemfungia mlango, akalia kama mtoto mpaka majirani wakaja kunisuta kwamba namnyima mama yangu dawa ya mwanawe. Nimemsomea barua yako neno kwa neno, pamoja na chungwa, pamoja na makofi. Akasema, "Anajishusha. Daima ni mnyenyekevu." Maziwa hataki, ni mfungo.

Hawezi kunisikia mimi, wala Abba. Atakusikia wewe tu, tena ukiwa umesimama mbele yake. Usingoje kutetea kitu. Usiniandikie tena, sitafungua. Panda basi.

Anakusalimia sana. Anasema kwa kuwa wewe ndiye fundi wake, nikuombe uyapunguze ukali kidogo, siku hizi yanamchoma koo wakati wa kumeza. Nilimwahidi nitakuandikia hilo.

Zenebech